Saa ya nani iaminiwe kwenye data za vifaa vya kiwandani?

Swali la msomaji: "Kiwandani kwetu tunakusanya data za pampu, kompresa na mita za umeme. Mita na baadhi ya vitambuzi tunavisoma kwa Modbus, PLC za pampu kwa OPC UA, na vyote vinapitia getiwei inayotuma kwenye seva kwa MQTT. Juzi pampu kuu ilizima. Kwenye grafu, presha inaonekana kushuka sekunde mbili hivi baada ya pampu kuzima, lakini mafundi wanashikilia kwamba presha ndiyo iliyoanza. Tena kila mtandao ukikatika na kurudi, data za saa nzima zinajipanga ndani ya dakika moja. Tuandike muda wa kifaa, wa getiwei au wa seva? Na data ambazo tayari zimeharibika tuzifanyeje?"

Kwa aliye mgeni: PLC ni kompyuta ndogo inayoendesha mashine, getiwei ni kompyuta ya katikati inayokusanya data na kuzipeleka mbele, na Modbus, OPC UA na MQTT ni itifaki, yaani lugha ambazo vifaa hutumia kupeana data. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Msichague muda mmoja kati ya hiyo mitatu. Hifadhini miwili kwa kila kipimo, kila mmoja kwenye safu yake: muda wa chanzo, yaani ule uliochukuliwa karibu zaidi na tukio, na muda wa kupokelewa, yaani pale seva ilipoipata data. Yote iwe ya UTC, saa ya pamoja ya dunia isiyofuata saa za eneo. Kando yake wekeni alama inayosema muhuri wa chanzo, yaani muda uliogongwa kwenye kipimo, umetoka kwa nani na kama saa yake ilikuwa imesawazishwa. Grafu na uchunguzi wa matukio vitumie muda wa chanzo. Muda wa kupokelewa uwasaidie kujua kama mfumo wenyewe wa kukusanya ni mzima au unasuasua. Na pasiwe na programu yoyote njiani inayofuta muhuri wa mwenzake na kugonga wake bila kuacha alama.

Hilo la mwisho ndilo ninaloona likivunjwa kuliko mengine yote. Barua huwa na tarehe aliyoiandika mtumaji na muhuri wa posta iliyoipokea, na hakuna karani anayefuta ya kwanza kwa kuwa ya pili inasomeka vizuri zaidi. Kwenye mifumo ya data ndivyo inavyofanyika: msanifu anaona saa za vifaa zinapishana, anaamua kutumia muda wa seva kwa sababu angalau huo ni mmoja, na tangu siku hiyo kila mtandao unapochelewa, uchelewaji huo unaandikwa kwenye historia ya mtambo kana kwamba ni tabia ya mtambo.

Tuje kwenye pampu. Chukueni hesabu hii, inayofanana sana na tukio lenu. Saa 14:03:07.1 presha ya bomba inashuka chini ya kikomo. PLC ya pampu inaiona mara moja, kwa kuwa inazungusha programu yake kila milisekunde chache, lakini imepangwa isubiri sekunde 2 ili isizime pampu kwa mtikisiko mdogo wa presha. Saa 14:03:09.1 inaizima, na tukio hilo linatoka kwa OPC UA likiwa na muda wa PLC yenyewe. Upande wa pili, getiwei inakihoji kitambuzi cha presha kwa Modbus kila sekunde 5. Ilikihoji saa 14:03:06.3 ikakuta presha nzuri. Zamu inayofuata ni 14:03:11.3, hapo ndipo inapoikuta imeshuka, na inagonga muhuri wa muda huo. Sasa grafu inaonyesha pampu imezima 14:03:09.1 na presha imeshuka 14:03:11.3. Sababu imekuja sekunde 2.2 baada ya matokeo yake, na hakuna saa hata moja iliyokosea.

Naomba mlisome hili kwa utulivu, kwa sababu ndilo kiini cha tatizo lenu la kwanza. Kipimo kilichopatikana kwa kuhoji hakisemi kwamba presha ilishuka 14:03:11.3. Kinasema ilishuka wakati wowote kati ya 14:03:06.3 na 14:03:11.3. Muhuri ule ni mwisho wa kipindi. Kwa hiyo matukio mawili yaliyopishana kwa muda mfupi kuliko kipindi cha kuhoji hayawezi kupangwa nani alitangulia, hata mkifunga saa ya atomu kwenye getiwei. Watu wengi hukimbilia kusawazisha saa wakati shida iko kwenye kasi ya kuhoji, wanatumia fedha na muda, na grafu inabaki vilevile. Mnaweza kuhoji haraka zaidi, lakini dawa bora ni tukio lipewe muda palepale linapotokea, ndani ya PLC, kisha muda huo usomwe pamoja na thamani yake. Kama presha hiyohiyo inaingia kwenye PLC kwa waya wa 4–20 mA, ambao mkondo wake wa umeme ndio unaobeba kipimo, isomeni kutoka huko kwa ajili ya uchunguzi wa matukio, na hiyo ya Modbus ibaki kwa ajili ya mwenendo wa muda mrefu. Angalieni pia mpangilio wa kulainisha ishara ndani ya kitambuzi chenyewe. Ukiwekwa sekunde kadhaa, kitambuzi kinachelewesha habari kabla haijafika kwa PLC, na hakuna muhuri utakaoonyesha ucheleweshaji huo.

Kwenye laini za serial mambo huwa mabaya zaidi kuliko watu wanavyofikiri, kwa hiyo tupige hesabu. Modbus RTU (Modbus ya laini za serial) kwenye waya wa RS-485 kwa kasi ya baudi 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde, hutumia biti 11 kwa kila baiti. Kuomba rejista 100 (visanduku vya namba ndani ya mita, baiti 2 kila kimoja) ni baiti 8, jibu lake ni baiti 205. Jumla baiti 213, sawa na milisekunde 244 za waya peke yake, bila kuhesabu muda ambao mita inachukua kufikiri. Mkiwa na mita 30 kwenye laini moja, duru nzima inapita sekunde 7. Sasa programu nyingi za getiwei huchukua muda mara moja tu, duru inapoanza au inapokwisha, na kuugonga kwa mita zote. Mita ya kwanza na ya 30 zinapata muhuri mmoja ilhali zimesomwa kwa kupishana sekunde 7. Mkijumlisha nguvu za mita hizo kupata mzigo wa kiwanda kwa wakati mmoja, mnajumlisha nyakati tofauti. Hakikisheni getiwei inachukua muda kwa kila ombi, na iwe katikati ya kutuma ombi na kupokea jibu.

Kabla ya kuamua muhuri upi ni wa chanzo, lazima mjue kila itifaki inatoa nini. Modbus, iliyoanza mwaka 1979, haina sehemu ya muda kabisa. Kama mita inaweka saa yake kwenye rejista, hiyo ni hiari ya mtengenezaji, na kila mmoja ana mpangilio wake. MQTT nayo haibebi muda wa kipimo kwenye ujumbe wa kuchapisha: usipouweka mwenyewe ndani ya maudhui ya ujumbe, haupo. Na ina mtego mmoja: ujumbe uliohifadhiwa na broka (programu inayopokea na kusambaza ujumbe wa MQTT) hutolewa upya kwa kila anayejiunga, kwa hiyo thamani ya jana inaweza kufika leo na kugongwa muhuri wa sasa hivi. Sparkplug, inayojengwa juu ya MQTT, imeziba pengo hilo. Kila kipimo kinabeba milisekunde tangu 1 Januari 1970 UTC, na kuna alama maalumu ya kusema "hii ni data ya zamani, inatumwa sasa". Itifaki za upande wa umeme zilifikiria jambo hili mapema. DNP3 hutuma matukio yakiwa na muda wa biti 48 wa milisekunde, na kifaa kikiwaka upya kinaweza kuinua alama ya kuomba kupewa saa. IEC 60870-5-104 ina baiti 7 za muda zenye biti ya kusema muda huu si halali. IEC 61850 inakwenda mbali zaidi, kila muhuri unaeleza kama saa imeharibika, kama haijasawazishwa, na usahihi wake ni kiasi gani. Hiyo ndiyo adabu ninayowaomba muiige hata pale itifaki yenu haiwalazimishi.

OPC UA inahitaji uangalifu wa peke yake, maana inaonekana imemaliza kila kitu. Kila thamani inaweza kuwa na mihuri miwili, wa chanzo na wa seva ya OPC, pamoja na hali ya ubora. Tatizo ni kwamba seva nyingi za OPC UA ni wakalimani tu: nyuma yake kuna kifaa cha Modbus au PLC ya zamani isiyotoa muda, na seva inajaza ule muhuri wa chanzo kwa muda ambao yenyewe ilihoji. Mteja anapokea kitu kinachoitwa muda wa chanzo, na kumbe ni muda wa kompyuta iliyo katikati. Namna ya kugundua ni rahisi. Sogezeni saa ya kifaa kwa dakika 10 wakati wa matengenezo, mtambo ukiwa umesimama, kisha angalieni kama muhuri wa chanzo umesogea nao. Usiposogea, mmeshajua. Angalieni pia ukubwa wa foleni ya usajili, yaani mabadiliko mangapi seva inamtunzia mteja kabla ya kumtumia. Ikiwa 1, mabadiliko yote kati ya uchapishaji mmoja na mwingine yanapotea na linabaki badiliko la mwisho tu.

Baada ya kujua hayo, rekodi moja kwenye hifadhidata yenu ingeweza kuonekana hivi:

kifaa: pampu_3.presha
thamani: 2.84
muda_chanzo: 2025-03-11T14:03:11.300Z
muda_umetoka: getiwei
kipindi_cha_kuhoji: 5 s
saa_imesawazishwa: ndiyo
muda_kupokelewa: 2025-03-11T14:03:20.412Z
namba_mfuatano: 88213

Anayeisoma rekodi hii miaka mitatu baadaye anajua asidai usahihi wa chini ya sekunde 5, na anajua data ilichukua sekunde 9 kufika. Ile Z mwishoni ndiyo inayosema UTC. Msiikubali data yoyote ya maandishi isiyo na Z wala tofauti ya saa.

Sasa mtandao unapokatika. Data za saa nzima kujipanga ndani ya dakika moja ni dalili ya moja kwa moja kwamba muhuri unagongwa na seva wakati foleni ya getiwei inamwagwa. Getiwei igonge muhuri kabla ya kuweka kipimo kwenye foleni, basi. Hapo tatizo linalowasumbua linakwisha, lakini linafungua jingine ambalo ni afadhali mjiandae nalo. Umeme na mtandao mara nyingi huondoka pamoja. Getiwei nyingi ndogo hazina saa yenye betri. Raspberry Pi, kwa mfano, haikuwa nayo kwenye ubao hadi toleo la 5, na hata hilo betri hununuliwa kando. Kompyuta kama hiyo ikiwaka bila mtandao haijui ni saa ngapi. Inaanza kuhesabu kutoka muda wa mwisho iliouhifadhi, au kutoka 1970, na data zote za kipindi hicho zinapata muhuri wa uongo.

Suluhisho lake nalipenda kwa sababu halihitaji kununua chochote. Mfumo endeshi wowote wa kisasa una kihesabu cha muda tangu kompyuta iwake, kisichorudi nyuma na kisichoguswa na usawazishaji. Kwa kila kipimo andikeni kihesabu hicho pamoja na namba inayotambulisha kuwaka huko. Tuseme kipimo kilichukuliwa kihesabu kikiwa sekunde 812.4. Baadaye mtandao unarudi, saa inasawazishwa, na wakati huo kihesabu kinasoma 1500.0 na saa sahihi ni 09:25:00.0. Tofauti ni sekunde 687.6, kwa hiyo kipimo kile kilichukuliwa 09:13:32.4. Getiwei inaweza kufanya hesabu hiyo kwa foleni nzima kabla haijaituma. Kama getiwei itazimika tena kabla ya kupata saa, kihesabu kinaanza upya, na kipande hicho kinabaki bila muda wa kuaminika. Kiwekewe alama hivyo, kisikisiwe.

Seva nayo lazima ijue kupokea wageni waliochelewa. Alamu isilie kwa presha iliyoshuka saa tatu zilizopita. Wastani wa saa uliokwisha kuhesabiwa lazima uweze kufunguliwa na kuhesabiwa upya data za saa hiyo zinapofika. Ujumbe wa MQTT wa kiwango cha 1, ambao hutumwa tena hadi uthibitishwe kupokelewa, unaweza kufika mara mbili, kwa hiyo kuandika kuwe kwa namna ambayo marudio hayaongezi rekodi mpya. Hapa ndipo ile namba ya mfuatano inapofanya kazi. Kuna hifadhidata za mfululizo wa muda, InfluxDB ikiwemo, ambazo pointi mbili zenye muhuri na vitambulisho sawa huhesabiwa kuwa moja na ya pili inafunika ya kwanza. Hilo ni zuri kwa marudio. Lakini kama mnakata muda kwenye sekunde nzima, kufungua na kufunga kwa vali ndani ya sekunde moja kutabaki tukio moja, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea.

Kuhusu saa zenyewe. Kristali ya kawaida inayoendesha saa ya kifaa, yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni inakimbia au inachelewa kwa sekunde 1.7 kila siku, karibu sekunde 52 kwa mwezi, na joto la kabati la umeme huizidishia. Kifaa ambacho saa yake iliwekwa na fundi siku ya kufungwa na haijaguswa tena hakiwezi kuwa sahihi. NTP, itifaki ya kusawazisha saa kupitia mtandao, aliyoibuni David Mills na ambayo maelezo yake ya kwanza yalitoka mwaka 1985, inatosha kwa sehemu kubwa ya viwanda. Ndani ya mtandao wa ndani uliotulia mnapata usahihi wa milisekunde. PTP, yaani IEEE 1588, itifaki nyingine ya kazi hiyohiyo, inashuka chini ya mikrosekunde, lakini inataka swichi na kadi za mtandao zinazogonga muhuri kwenye maunzi. Kwa kiwango cha maji kwenye tangi msijisumbue nayo. Kwa mfuatano wa matukio ya umeme au mashine za mwendo unaolandanishwa, hapo inalipa.

Vifaa vyote vielekezwe kwenye seva za saa za ndani, na hizo ndizo zichukue muda kutoka nje au kutoka kipokezi cha GPS. Kifaa kimoja kikielekezwa intaneti na kingine kwenye kompyuta ya ofisi, zitapishana siku ya kwanza tu intaneti ikikatika. Zile za ndani ziwe na vyanzo vinne au zaidi. Ukiwa na viwili vinavyopingana, huna namna ya kujua mwongo ni yupi. Na saa isirukishwe kurudi nyuma mtambo ukiendelea kufanya kazi. Isogezwe polepole mpaka ilingane. Kuruka kuruhusiwe wakati wa kuwaka tu. Saa iliyorudi nyuma huzaa mihuri inayojirudia na mizunguko ya mashine iliyochukua muda hasi. Ndiyo maana urefu wa muda, kama vile pampu imefanya kazi dakika ngapi, upimwe kwa kile kihesabu kisichorudi nyuma na si kwa kutoa saa kwa saa.

Kuna vifaa ambavyo saa yao inasomeka lakini hairuhusu kuwekwa. Hivyo pimeni tofauti yake na muiandike kama kipimo kingine. Getiwei inatuma ombi 10:00:00.000, jibu linafika 10:00:00.080, kifaa kinasema ni 09:58:47.500. Katikati ya ombi na jibu ni 10:00:00.040, kwa hiyo kifaa kimechelewa sekunde 72.540, na shaka ya hesabu hiyo ni milisekunde 40 kila upande. Rudieni kila saa. Baada ya siku chache mtaona mstari ulionyooka ambao mwinamo wake ndio kasi ya kuchelewa kwa saa hiyo, na mnaweza kusahihisha tukio lolote lililo kati ya vipimo viwili.

Kama mnahitaji kumshawishi mkurugenzi kwamba haya yanastahili muda wa wafanyakazi, mwelezeni kuhusu kukatika kwa umeme kwa Marekani na Kanada tarehe 14 Agosti 2003, kulikowaacha watu wapatao milioni 50 gizani. Wachunguzi walikuwa na data nyingi mno, lakini vinasa-matukio vingi havikuwa vimesawazishwa saa, na kazi kubwa ikawa kupanga nini kilitangulia nini. Pendekezo moja la ripoti yao lilikuwa kulazimisha vinasa-data vyenye saa zilizosawazishwa. Leo viwango vya NERC, chombo kinachosimamia uthabiti wa gridi za nchi hizo, vinataka vinasa hivyo viwe ndani ya milisekunde 2 za UTC.

Mkianza kukagua mihuri yenu, makosa mengi mtayatambua kwa ukubwa wake, na hii ni elimu ambayo kila anayeshughulika na data hizi anastahili kuwa nayo. Tofauti ya saa kamili, kama 1 au 3, ni mtu aliyechanganya saa za eneo na UTC. Sekunde 37 barabara ni PTP: inatumia muda wa TAI, yaani wa saa za atomu usioongezwa sekunde za marekebisho, ambao tangu mwanzoni mwa 2017 uko mbele ya UTC kwa kiasi hicho, na kuna kifaa kimesahau kutoa. Sekunde 18 ni muda wa GPS uliotumika bila kusahihishwa. Tarehe 1 Januari 1970 ni sifuri iliyosomwa kama muda wa Unix, unaohesabu sekunde tangu siku hiyo. 1601 ni sifuri ya OPC UA, inayohesabu vipande vya nanosekunde 100 tangu mwaka huo. Mwaka 2000 mara nyingi ni betri ya saa iliyokufa. Kurudi nyuma kwa siku 7168, ambazo ni wiki 1024, ni kipokezi cha GPS cha zamani ambacho kihesabu chake cha wiki kimejaa. Mara ya mwisho kilijaa Aprili 2019. Muda unaoruka kwa sekunde 65,536 ni rejista mbili za Modbus zilizosomwa kwa maombi mawili tofauti, moja kabla na nyingine baada ya rejista ya chini kujaa. Someni zote kwa ombi moja.

Jingine la kuangalia ni mahali namba inapohifadhiwa. Muda wa Unix kwenye namba ya desimali ya biti 32 (float) unapoteza kila kitu kilicho chini ya dakika 2, kwa sababu kwa ukubwa wa sasa wa namba hizo hatua moja ni sekunde 128. Nimeona grafu zenye ngazi za namna hiyo zikilaumiwa kwa kitambuzi. Nanosekunde ndani ya lugha ya programu ya JavaScript nazo zinapita namba kamili kubwa inayoaminika huko, yaani 2 kwa kipeo cha 53 kutoa 1, na tarakimu za mwisho zinabadilika. Tumieni namba kamili ya biti 64. Na vifaa mnavyonunua sasa vitakuwepo tarehe 19 Januari 2038, siku ambayo namba ya biti 32 yenye alama ya chanya au hasi inajaa saa 03:14:07 UTC, kwa hiyo muulizeni muuzaji kabla ya kulipa.

Saa za eneo zibaki kwenye skrini ya mtumiaji pekee. Kwenye nchi zinazosogeza saa kwa majira, saa moja ya mwaka hujirudia na nyingine haipo kabisa, na hifadhidata iliyoandikwa kwa saa za eneo haina namna ya kutenganisha zile mbili zinazofanana.

Zimebaki data zilizokwisha kuharibika. Msizisahihishe juu kwa juu. Acheni safu ya zamani ilivyo, ongezeni safu ya muda uliokadiriwa, ya shaka yake, na ya njia iliyotumika. Kwa yale mafungu yaliyomwagwa baada ya mtandao kurudi, mnazo silaha mbili. Kwanza ni mpangilio: kama getiwei ilikuwa inahoji kila sekunde 5 na foleni ilitoka kwa mfuatano, kipimo cha mwisho kwenye fungu kiko karibu na wakati mtandao uliporudi, ambao broka imeuandika kwenye kumbukumbu zake za miunganisho, na mnahesabu kurudi nyuma sekunde tano tano. Kama fungu lina vipimo vichache kuliko kipindi cha kukatika kinavyodai, kuna vilivyopotea, na shaka inakua kadiri mnavyorudi nyuma. Pili ni matukio yanayoonekana na vifaa viwili. Mota ya kompresa ikiwaka, mkondo unaruka kwenye mita ya umeme na hali inabadilika kwenye PLC. Tafuteni miruko hiyo kwenye fungu zima na muipangilie juu ya muda wa PLC, ambao haukupitia foleni hiyo. Miruko michache ikikubaliana, mmepata tofauti. Isipokubaliana, saa ilikuwa inasogea ndani ya fungu na mtahitaji kuligawa.

Na kuhusu tukio la pampu, data za Modbus haziwezi kuamua ubishi wenu na mafundi, kwa sababu niliyoeleza. PLC yenyewe inaweza. Nyingi zina bufa ya uchunguzi, yaani kumbukumbu ndogo ya matukio, au orodha ya alamu, inayoandika kila kikomo kilipovukwa na kila amri ya kuzima kwa saa ileile moja, na kwa kuwa ni saa moja, hata ikiwa imekosea kwa dakika 20 mfuatano bado ni sahihi. Isomeni leo, maana bufa hiyo ina nafasi chache na kila tukio jipya linasukuma nje la zamani.